Meli kubwa kuliko zote zimeachwa nje ya kanuni kali kuliko zote

Tarehe 17 Juni 2013, meli ya makontena MOL Comfort ilivunjika katikati ikiwa Bahari ya Hindi, takriban maili 200 za baharini kutoka pwani ya Yemen. Ilikuwa na urefu wa mita 316, nafasi ya makontena zaidi ya 8,000 ya futi 20, na umri wa miaka 5. Mabaharia wote 26 waliokolewa. Kipande cha tezi (nyuma) kilielea siku 10 kisha kikazama. Cha omo (mbele) kilishika moto kikiwa kinavutwa, nacho kikazama mwezi uliofuata.

Meli kongwe ikivunjika, lawama hupata pa kutua haraka: kutu, mmiliki mbahili, mkaguzi aliyefumba macho. Hii haikuacha nafasi hiyo. Wachunguzi walikuta muundo wake umetimiza kanuni zote za nguvu za wakati ule. Tatizo ni kwamba kanuni zenyewe hazikuwa zimeuliza swali lililoiua.

Tangu hapo mengi yamerekebishwa, na nitayaeleza. Lakini pengo moja limebaki wazi, na naliona kubwa kuliko watu wa sekta hii wanavyolichukulia. Kanuni kali kuliko zote za uimara wa meli, yaani viwango vya malengo vya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), vinazihusu meli za mafuta na meli za shehena ya kichele zenye urefu wa mita 150 na zaidi. Meli za makontena hazimo, ingawa leo zinafikia urefu wa mita 400, upana wa mita 61 na makontena 24,000. Meli za kubeba mawe ya madini ya chuma zimetajwa waziwazi kuwa hazihusiki. Aina zote mbili zimeshazama kwa mwili kuvunjika au kupasuka, na aina zote mbili zinastahili kuingizwa.

Boriti inayoelea

Ili kuelewa kwa nini, ianze hesabu ya msingi. Meli ni boriti tupu ya chuma inayoegemea maji. Wimbi likiwa chini ya katikati yake, omo na tezi huning'inia: mgongo hutunuka, sitaha huvutwa na mabamba ya chini hubanwa. Mawimbi mawili yakishika ncha zote mbili, katikati hubonyea, na sitaha ndiyo inayobanwa. Hilo hurudiwa kila baada ya sekunde kadhaa, kwa miaka 25.

Kanuni ya pamoja ya Muungano wa Kimataifa wa Taasisi za Uainishaji wa Meli (IACS), yaani taasisi zinazoandika kanuni za uimara wa meli, inayojulikana kama S11, inatoa ukubwa wa momenti ya wimbi, yaani nguvu ya kuipinda meli, kwa kutumia urefu, upana na unene wa umbo la meli. Chukua meli ya shehena ya kichele yenye urefu wa mita 280, upana wa mita 45 na mgawo wa umbo (kipimo cha unene huo) wa 0.84. Momenti ya kutunuka inatoka takriban kN·m milioni 6, na ya kubonyea milioni 6.4. Milioni 6 ni kama kuning'iniza tani 6,000 kwenye ncha ya mkono wa urefu wa mita 100. Hiyo ni ya wimbi peke yake. Momenti inayotokana na jinsi shehena na farumi (maji ya kuipa meli uzito) zilivyopangwa huongezwa juu yake.

Katika fomula hiyo urefu umepigwa mraba kisha ukazidishwa kwa upana. Meli ikikua mara mbili kwa kila upande, momenti inakua mara 8. Ndiyo maana uzoefu wa meli ya mita 200 haumwambii mtu mengi kuhusu ya mita 400. Lakini tasnia ya makontena iliruka kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine ndani ya miongo michache, na kila mruko ulitangulia uzoefu wake.

Kiwango cha mkazo unaoruhusiwa ni nyutoni 175 kwa milimita ya mraba kwa chuma cha kawaida, ambacho huanza kulegea kabisa kwenye 235. Kwa chuma cha nguvu zaidi cha daraja la 355, ruhusa inapanda hadi 243. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Chuma cha nguvu zaidi kinamruhusu mbunifu kupunguza unene, lakini ugumu wake dhidi ya kupinda ni uleule, takriban nyutoni 206,000 kwa milimita ya mraba, kiwe cha bei nafuu au cha bei ghali. Bamba jembamba hujikunja mapema linapobanwa, na nguvu yake dhidi ya kujikunja hufuata mraba wa unene. Bamba la milimita 18 likiliwa na kutu hadi 16 limepoteza asilimia 11 ya chuma chake, lakini limepoteza asilimia 21 ya uwezo wa kutojikunja. Kuhusu uchovu, yaani chuma kuchoka kwa mikazo inayorudiwa, maungio ya kuchomelea hayafaidiki karibu kitu na chuma cha nguvu zaidi. Ufa unaoanzia kwenye ukingo wa mshono haujali daraja lililoandikwa kwenye cheti cha kinu.

Kilichoivunja MOL Comfort

Meli ya makontena ina tabia mbili zinazoitofautisha na nyingine. Ya kwanza: sitaha yake ni matundu. Ili makontena yashuke hadi chini, milango ya ngama (chumba cha shehena) inachukua karibu upana wote, na chuma kinachobaki juu ni mistari miwili myembamba pembeni, pamoja na kingo zilizosimama za milango hiyo. Chuma chote ambacho kingetandazwa kwenye sitaha nzima kinabanwa humo, na unene wa mabamba hufika milimita 80 hadi 100. Umbo lililo wazi juu pia hujisokota kwa urahisi mawimbi yakija kwa mshazari, na pembe za milango ndizo zinazolipa.

Ya pili: hukaa mgongo umetunuka karibu maisha yake yote. Umbo lake ni jembamba omo na tezi, hivyo maji huibeba zaidi katikati, huku uzito ukienea hadi kwenye ncha. Kwa hiyo mabamba yake ya chini yanabanwa hata bahari ikiwa shwari.

Sasa ongeza shinikizo la maji kutoka chini. Bahari inaisukuma sakafu pacha, yaani sakafu ya tabaka mbili ya chini ya meli, kwenda juu, na kama makontena yaliyo juu ya eneo hilo ni mepesi, hakuna cha kuisukuma kurudi. Sakafu hiyo hupinda kidogo kuelekea juu kati ya kuta mbili za ngama, na kupinda huko huongeza mbano mwingine kwenye mabamba yaleyale ambayo tayari yanabanwa na boriti nzima. Kanuni za zamani zilihesabu mbano wa boriti, zikahesabu na shinikizo la mahali, lakini hazikudai nguvu ya mwisho ya mwili ipimwe na yote mawili yakitenda kwa pamoja. Bamba halijui kwamba mikazo yake imehesabiwa kwenye karatasi mbili tofauti.

Meli dada zilipokaguliwa baada ya ajali, baadhi yake zilikutwa na mabamba ya chini yaliyobonyea kwa takriban milimita 20. Hiyo ni dalili ya bamba lililokaribia mwisho wa uwezo wake, tena kwenye meli zilizokuwa kazini zikionekana salama. Ziliongezewa chuma.

Halafu kuna mtetemo wa kigongo. Omo ya meli ya makontena imepanuka sana juu ili kubeba makontena mengi mbele. Ikishuka juu ya wimbi, upanuko huo hupokea kigongo kizito, na mwili mzima unatetemeka kama ubao uliopigwa kwenye ncha. Mtetemo huo unajiongeza juu ya momenti ya wimbi, kwa kasi ambayo fomula ya wimbi haiioni. Meli ya makontena MSC Napoli huenda iliumia kwa njia hiyo hiyo katika Mlango wa Bahari wa Uingereza tarehe 18 Januari 2007. Mwili wake haukushindwa katikati, ulishindwa kwenye chumba cha injini, mahali ambapo mataruma (mbavu za meli) yalipangwa kwa mkingamo na mabamba yalikuwa dhaifu zaidi dhidi ya mbano wa urefu. Kanuni ilitaka uwezo wa kutojikunja upimwe katika asilimia 40 tu ya urefu, ile ya katikati. Chumba cha injini kilikuwa nje ya eneo hilo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kukipima.

IACS ilijibu kwa kanuni mbili, S11A na S34, kwa meli za makontena zenye mkataba wa kuanzia tarehe 1 Julai 2016. Ni kanuni nzuri. Nguvu ya mwisho ya mwili sasa inapimwa kikamilifu: momenti ya wimbi inazidishwa kwa 1.2, na uwezo wa mwili unapunguzwa kwa kigawanyo cha 1.05 kwa ajili ya chuma, kisha kwa 1.15 wakati wa kutunuka kwa ajili ya kile kile kilichosahauliwa kwenye MOL Comfort, yaani kupinda kwa sakafu pacha. S34 inaorodhesha hali za upakiaji ambazo lazima ziingie kwenye modeli ya kompyuta, ikiwemo ile ya ghuba moja ya makontena kuwa tupu.

Ila kuhusu mtetemo wa kigongo, S11A inasema tu kwamba kwa meli zenye upana unaozidi mita 32.26 uingizwe kwenye hesabu ya nguvu ya mwisho. Namna ya kuuhesabu imeachiwa kila taasisi ya uainishaji. Moja inatumia modeli ya hidrodinamiki na bahari ya kubuni, nyingine mgawo wa kuzidishia, na matokeo yanaweza kutofautiana. Mmiliki anayetaka meli nyepesi anajua pa kugonga hodi. Sisemi kwamba taasisi zinashindana kwa kulegeza. Nasema kwamba hakuna mtu wa nje aliyepewa kazi ya kuthibitisha kuwa haziwezi kufanya hivyo.

Kile ambacho meli za mafuta zinacho

Kazi hiyo ya mtu wa nje ndiyo kiini cha viwango vya malengo. IMO ilivipitisha Mei 2010 kwenye kanuni ya II-1/3-10 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Badala ya kuandika unene wa bamba, IMO iliandika malengo na mahitaji 15 ya kiutendaji: umri wa kubuniwa usiopungua miaka 25, mawimbi ya Atlantiki ya Kaskazini, nguvu ya mwisho, uchovu, akiba ya nguvu meli ikiwa imeumia, ulinzi dhidi ya kutu, ubora wa uundaji, njia za kufikia chuma ili kikaguliwe. Taasisi za uainishaji zinaandika kanuni zao, kisha wakaguzi wa IMO wanazipitia kanuni zenyewe na kuuliza: je, zinatimiza malengo? Taasisi 12 zilithibitishwa Mei 2016. Kabla ya hapo SOLAS iliitaka meli ifuate kanuni za taasisi inayotambuliwa na nchi ya bendera, basi.

Jambo la pili ni Faili la Uundaji wa Meli. Kila meli inayohusika huzaliwa na faili linaloeleza unene halisi na unene wa chini unaokubalika wa kila bamba, hali za upakiaji zilizotumika, maeneo yenye hatari ya uchovu, aina za chuma na mahali zilipo, na taratibu za ukaguzi. Linaifuata meli hata ikibadilisha mmiliki, bendera na jina. Kwa mkaguzi anayeingia kwenye tangi la giza akiwa na tochi na nyundo, tofauti kati ya kuwa nalo na kutokuwa nalo ni tofauti kati ya kujua pa kutazama na kubahatisha.

Sasa soma mipaka ya kanuni hiyo. Meli za kichele zinazohusika ni zile zenye sitaha moja, matangi ya juu pembeni na matangi ya mteremko chini. Meli za mawe ya chuma na meli mseto (zinazoweza kubeba mafuta au kichele) hazimo.

Tarehe 31 Machi 2017 meli ya mawe ya chuma Stellar Daisy, yenye uwezo wa tani takriban 266,000, ilizama Atlantiki ya Kusini ikitoka Brazili na tani 260,000 za shehena. Ilikuwa imeundwa mwaka 1993 kama meli ya mafuta, ikageuzwa baadaye. Kati ya watu 24, waliokolewa 2. Uchunguzi wa nchi ya bendera, Visiwa vya Marshall, uliona kuwa huenda mwili ulianza kushindwa kwenye tangi la farumi namba 2 la kushoto, kisha maji yakaenea. Ukataja kutu, uchovu wa chuma, nyufa ambazo hazikuonekana, mfululizo wa upakiaji na nguvu za bahari vikishirikiana. Kanuni ya 2010 isingeihusu meli ya 1993 kwa vyovyote. Lakini meli mpya ya mawe ya chuma inayoundwa sasa bado iko nje, na sababu za kihandisi za kuiacha nje sizioni. Mawe ya chuma ni mazito mno: yanajaza sehemu ndogo tu ya ngama, na tofauti ya uzito kati ya ngama ya kati na matangi matupu ya pembeni huzaa mkazo wa kukata mkubwa kwenye kuta za urefu.

Upande wa pili una hoja zake, na moja ina uzito. Wanasema IACS imeshatengeneza S11A na S34, kwa hiyo lengo limefikiwa bila urasimu wa IMO. Nakubali nusu. Kanuni hizo zilikuja haraka, miaka 3 tu baada ya ajali, IMO isingeweza. Lakini zilikuja baada ya ajali. Thamani ya uthibitisho wa nje ni kuulizwa, kabla meli haijavunjika, "mbona hali hii ya upakiaji haimo?" au "mbona mnapima asilimia 40 tu ya urefu?" Maswali hayo mawili yangegusa Napoli na Comfort zote. Hoja nyingine, kwamba maumbo ya meli za makontena hubadilika upesi mno kwa kanuni za kimataifa, inajijibu yenyewe: viwango vya malengo vilibuniwa bila kutaja umbo.

Kati ya mchoro na chuma

Hata kanuni bora hukutana na kiwanda, na huko ndiko akiba ya usalama inakoliwa milimita kwa milimita. Maeneo matatu yanastahili macho zaidi ya mengine.

La kwanza ni ulinganifu. Pale ambapo bamba la mkingamo linakatiza kati ya mabamba mawili yanayopaswa kutazamana, nguvu hupita moja kwa moja kama yametazamana. Yakipishana, mshono unapokea mpindo ambao haukuwa kwenye hesabu. Kipimo cha IACS kwa sehemu za nguvu ni kupishana kusikozidi theluthi moja ya unene wa bamba jembamba zaidi: kwa bamba la milimita 18, milimita 6. Shida ni kwamba baada ya kuchomelea, bamba la mkingamo limeshafunika ushahidi. Kwa hiyo mstari wa rejea uchorwe pande zote mbili, kwa umbali unaojulikana kutoka kwenye kiungo, kabla ya kuchomelea chochote. Kiwanda kisicho na mistari hiyo hakiwezi kuthibitisha ulinganifu wake, hata kama kiliupata.

Uzito wa kosa hilo uko kwenye sheria ya uchovu. Uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha tatu cha mkazo. Ongeza mkazo wa mahali kwa asilimia 20 tu, na umri wa kiungo unashuka hadi asilimia 58. Kiungo kilichobuniwa kwa miaka 25 kinaanza kupasuka kabla ya mwaka wa 15. Meli ya mita 280 hukutana na mizunguko ya mawimbi takriban milioni 70 katika umri wake. Hakuna kosa dogo linalosahaulika mbele ya idadi hiyo.

La pili ni mwanya wa kuchomelea. Blok mbili (vipande vikubwa vya meli vilivyoundwa tayari) zinapokutanishwa, mwanya wa mshono wa pembe kati ya bamba na bamba haupaswi kuzidi milimita 2, ukomo 3. Ukiwa kati ya 3 na 5, mguu wa mshono uongezwe kwa kiasi kilichozidi 2. Ukiwa kati ya 5 na 16, ukingo uchongwe kwa nyuzi 30 hadi 45, uchomelewe, juu ya kishikizo ikibidi. Ukizidi hapo, kata, weka kipande kipya kisichopungua milimita 300. Kinachofanyika ratiba ikibana ni kuujaza mwanya kwa vipande vya fimbo za kuchomelea na kupitisha mshono mzuri juu yake. Kwa macho unapendeza. Ndani ni utupu, na vipimo vya uso wa mshono haviwezi kuuona. Mkaguzi lazima awepo wakati wa kukutanisha blok, si baada ya rangi ya kwanza.

La tatu ni mabamba manene ya kingo za milango kwenye meli za makontena. Tangu meli ya mafuta Schenectady ilipokatika karibu vipande viwili mwaka 1943 ikiwa imefungwa gatini, maji yakiwa shwari, inajulikana kwamba chuma kinaweza kuvunjika kama kioo kikiwa na ufa, baridi na mkazo uliobaki ndani. Unene unazidisha hatari hiyo. Kwa hiyo kwa mabamba yanayozidi milimita 50, kutegemea unene na daraja la chuma, sasa hudaiwa ukaguzi wa mawimbi ya sauti kwenye mishono yote ya kukutanisha blok, na sitaha iwe na chuma cha kuzuia ufa, chenye kipimo cha uzuiaji kisichopungua 6,000 kwenye nyuzi −10 za Selsiasi. Njia mojawapo inayoongezwa ni kuhakikisha mshono wa ukingo wa mlango na mshono wa sitaha haviko mstari mmoja, vipishane kwa milimita 300 au zaidi, ili ufa unaoshuka ukutane na chuma kizima. Chuma hiki kinataka kupashwa moto kabla ya kuchomelewa na fimbo zilizokaushwa. Haidrojeni ikibaki ndani, ufa hujitokeza siku moja au mbili baadaye, wakati mkaguzi ameshaondoka. Ndiyo maana ukaguzi hauna budi kusubiri.

Rangi ya matangi ya farumi ina kanuni yake tangu Desemba 2006, nayo inahusu meli za aina zote: lengo ni miaka 15, unene wa maikromita 320, kingo zisuguliwe hadi mviringo wa milimita 2, chumvi isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba, unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Panapokosewa zaidi ni kwenye kingo. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha kali, na kutu huanzia hapo.

Uzito usiojulikana na mawimbi yaliyokwepwa

Hesabu yote hiyo inadhani uzito unajulikana. MSC Napoli ilipopelekwa ufukweni, makontena takriban 660 ya sitahani yaliyobaki makavu yalipimwa: 137 yalitofautiana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani 3, na kwa jumla yalikuwa mazito kwa tani 312. Tofauti hiyo haikuivunja meli peke yake, lakini ilikula akiba. Tangu tarehe 1 Julai 2016 SOLAS inataka kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa, ama kwa kulipima zima, ama kwa kujumlisha vilivyomo na kontena lenyewe. Njia ya pili inategemea mwenye mzigo kusema kweli. Meli kubwa zifungwe vipimo vya mkazo sitahani, angalau katikati na robo za mbele na nyuma. Kabla ya kuondoka, mkazo unaosomwa ulinganishwe na ule wa kompyuta ya upakiaji, na ukitofautiana kwa kiasi kikubwa, meli isitoke hadi ijulikane kwa nini.

Jambo la mwisho linanitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2022 IACS ilitoa toleo jipya la takwimu za mawimbi ya Atlantiki ya Kaskazini, lililotumia mahali halisi meli zilipokuwa, kwa rekodi za AIS, mfumo ambao meli hutangaza mahali ilipo. Takwimu ni bora kuliko zile za kukadiria kwa macho. Lakini ndani yake imeshaingia tabia ya manahodha kukwepa dhoruba. Kuhesabu nguvu ya mwili kwa mawimbi yaliyokwepwa maana yake ni kumfanya nahodha, utabiri wa hali ya hewa na ratiba ya kampuni kuwa sehemu ya chuma. Injini ikizima katikati ya dhoruba, meli haikwepi chochote. Kama takwimu hizo zitatumika kupunguza momenti ya kubuni, basi kigawanyo cha usalama kiongezwe kwa kiasi kilekile, na hilo lithibitishwe na wakaguzi wa IMO. Kwa meli za mafuta watalithibitisha. Kwa za makontena, leo, hawana mamlaka.

Marekebisho yenyewe ni mafupi kuandika: kuondoa maneno yanayozitoa meli za mawe ya chuma kwenye kanuni ya II-1/3-10, kuongeza meli za makontena zenye urefu wa mita 150 na zaidi, na kuidai IACS njia moja ya kuhesabu mtetemo wa kigongo kwa taasisi zote. Utekelezaji ndio mrefu. Meli mseto Derbyshire ilizama na watu 44 mwaka 1980, vifuniko vyake vya ngama vikiwa vimebuniwa kwa tani 1.75 kwa mita ya mraba, sawa na kina cha maji cha mita 1.7 hivi, lakini sura ya XII ya SOLAS kuhusu meli za kichele ilianza kutumika Julai 1999. Viwango vya malengo vilipitishwa 2010, vikaanza kuhusu mikataba ya kuanzia Julai 2016. Kanuni hizi hufuata tarehe ya mkataba na hazirudi nyuma, kwa hiyo kila meli ya makontena inayosainiwa sasa itabaki nje yake kwa robo karne, hadi ipelekwe kukatwa chuma chakavu.